Gundi za Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila siku kaunta za hadiwea na vibanda vya mafundi jijini Nairobi. Pale tunaposema "araldite" tunamaanisha gundi yoyote ya epoksi yenye mirija miwili, kama mafundi wenyewe wanavyosema. "Kontakti" ni ile gundi ya manjano ya kopo inayotumiwa na mafundi wa viatu.

## Kabla ya kununua

1. Nikitaka kuwa na gundi chache tu nyumbani, ninunue zipi?

Tatu zinatosha: gundi nyeupe ya mbao, araldite na kontakti. Supaglu utakuwa nayo hata usipopanga, maana inauzwa kila kona hadi kwenye foleni za magari. Lakini hiyo ni gundi ya kazi ndogo, na wengi huitumia kwa kila kitu kwa sababu tu ndiyo iliyo karibu.

2. Gundi ipi ndiyo kali kuliko zote?

Swali hili ndilo linalowapotosha watu. Supaglu ikivutwa moja kwa moja, pande mbili zikienda kinyume, hubeba uzito wa kushangaza. Ipinde kidogo kwa pembeni au uiangushe sakafuni, itavunjika kama kioo. Kontakti nayo hupinda na kiatu kutwa nzima bila kulalamika, ila ukiitwika mzigo usioondoka, kama rafu ya vitabu, itateleza polepole hadi siku moja uikute chini.

Basi uliza hivi: upande huu ni wa kitu gani, na ule je? Kitapata maji au moto? Vipande vinaingiana sawasawa au kuna pengo? Na nguvu itakuja vipi: kwa kuvuta, kwa kutelezesha, au kwa kubandua kuanzia ukingoni? Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya zaidi. Itazame stika: ukiivuta yote kwa pamoja haitoki, ukiikamata ncha inakuja yenyewe.

3. Mbona gundi ileile ilishika kwa jirani na kwangu ikabanduka?

Mara nyingi ni uchafu usioonekana: mafuta ya vidole, mvuke wa kukaanga ulioganda kwenye rafu za jikoni, nta ya kung'arisha fanicha, na hasa gundi ya zamani. Gundi hushika kile inachokigusa. Ikigusa mafuta, imeshika mafuta.

Kwa chuma, kauri na plastiki: osha kwa sabuni ya vyombo na maji moto, suuza, acha kikauke kabisa, kwaruza kwa msasa wa nambari 120, futa vumbi, pangusa kwa spiriti, kisha usiguse tena kwa kidole. Mbao usiioshe, msasa na kitambaa kikavu vinatosha. Na usisafishe chochote kwa mafuta ya taa au dizeli. Ni kweli huondoa grisi, lakini huacha utando wao wenyewe na kazi inakuwa bure.

4. Nitajuaje kama gundi ni feki au imeharibika?

Angalia tarehe, kisha alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na nambari ya kibali iliyo chini yake. Nambari hiyo unaweza kuihakiki kwa kutuma SM#nambari kwenda 20023.

Baada ya hapo macho yako yafanye kazi. Gundi nzuri ya mbao hutiririka kama maziwa mazito. Ikivutika nyuzi, ikiwa na mabonge au ikitoa harufu ya uozo, itupe. Supaglu ya kawaida hucheza ndani ya mrija kama maji. Ikiwa nzito kama asali, imeanza kuganda. Mrija wa araldite ukiwa na chembechembe kama sukari, usiutupe. Utumbukize ukiwa umefungwa kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa dakika kumi hivi, chembe zitayeyuka, kisha uache upoe kabla ya kuchanganya.

## Supaglu

5. Inaganda vidoleni papo hapo, lakini kwenye kitu inakataa. Kwa nini?

Kwa sababu supaglu haikauki kama rangi. Huganda inapokutana na unyevu mwembamba ulio juu ya kitu, na vidole vina unyevu tele. Miezi ya Januari na Februari, hewa ya Nairobi inapokauka mchana, supaglu inaweza kusuasua. Pulizia upande mmoja pumzi ya moto, "haa", kama mtu anayesafisha miwani, paka gundi upande wa pili, unganisha.

Sababu nyingine ni wingi. Tone moja linatosha eneo la sentimita 2.5 kwa 2.5, na ukiongeza unapunguza nguvu, kwani tabaka nene hubaki bichi katikati. Bana kwa sekunde 30 hadi 60 bila kutikisa, na usikipe kitu kazi hadi kesho yake.

6. Weupe ule kama unga kando ya kiungo unatoka wapi?

Ni mvuke wa gundi yenyewe uliotua na kuganda. Paka kidogo, fungua dirisha, na usifunike kitu kwenye boksi kabla hakijaganda. Kwa sababu hiyohiyo usiitumie karibu na lenzi za miwani.

7. Nimeona watu wakinyunyiza soda ya kuokea juu ya supaglu. Inafaa?

Inafaa kujaza pengo dogo au kona iliyomeguka. Unga hufanya gundi igande ghafla na kuwa ngumu kiasi cha kupigwa tupa. Jaza unga kwanza, kisha dondoshea gundi tone moja moja, uso ukiwa mbali, maana hupata joto na kutoa moshi unaochoma macho. Usitegemee kiraka hicho kubeba mzigo au kupinda.

8. Vidole vimeshikana. Nifanye nini?

Usivute kwa nguvu. Ngozi ndiyo itakayotoka. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha viringisha vidole taratibu badala ya kuvitanua. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha yenye asetoni husaidia kwenye ngozi nzima. Usiipeleke karibu na macho, mdomo au kidonda.

Ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi ya uvuguvugu, funika kwa kitambaa safi chenye maji na uende hospitali. Usilazimishe kope kufunguka.

Tahadhari ambayo wengi hawaijui: supaglu ikimwagikia pamba au sufu hupata joto la ghafla linaloweza kuunguza. Usivae glavu za kitambaa, wala usiifute kwa pamba.

## Mbao na fanicha

9. Mguu wa kiti unacheza. Nimimine gundi kwenye ufa?

Hapana. Gundi nyeupe haishiki vizuri juu ya gundi nyeupe iliyokwisha kukauka. Inahitaji kuingia kwenye nyuzi za mbao. Ukimimina juu juu, kiti kitatulia wiki mbili, kisha kitaanza tena kulia kila anayekalia akigeuka.

Kivunje kiungo chote. Gonga kwa nyundo ukiweka kipande cha mbao katikati. Kikigoma, tia siki ya uvuguvugu kwenye ufa uingoje ilainishe gundi ya zamani. Kwangua ulimi (ncha inayoingia) na tundu lake hadi uone rangi ya mbao yenyewe, acha vikauke, kisha jaribu kuviunganisha bila gundi. Ulimi ukiingia kwa kusukumwa na kiganja, sawa. Ukiingia wenyewe, umelegea: bandika kipande cha takataka ya randa kwenye shavu la ulimi, kikauke, kisha upunguze kwa msasa hadi ukae.

Paka gundi tabaka jembamba pande zote mbili. Ncha ya mbao, pale nyuzi zilipokatwa, hunyonya sana. Ipake, ngoja dakika tano, ipake tena. Unganisha na ubane. Ukiona vitone vidogo vimejipanga kwenye mstari wa kiungo kama jasho la mtungi, kiasi ni sawasawa. Pasipotoka kitu, gundi haikutosha. Vitone hivyo vifute mara moja kwa kitambaa chenye maji kidogo, la sivyo vanishi haitaingia hapo na utabaki na doa jeupe. Bana kwa saa moja angalau. Mtu asikikalie kabla ya saa 24. Na tafadhali, usimalizie kwa msumari. Msumari hupasua ulimi, na ukipasuka hakuna gundi tena, kuna kuchonga upya.

10. Sina klampu.

Kata tyubu kuukuu ya baiskeli iwe utepe wa sentimita tatu, uvute kwa nguvu ukiuzungusha kwenye kiungo mara tano au sita. Kila mzunguko unaongeza mkazo, na mpira hauachi alama. Kwa kiti kizima, zungusha kamba kwenye miguu yote minne, ingiza kijiti na ukisokote hadi kamba ikaze. Kwa ubao bapa, ndoo ya maji juu yake inatosha.

11. Bawaba ya kabati la jikoni imeng'oka na tundu la skrubu limekuwa pana. Nijaze gundi nirudishe skrubu?

Ukifanya hivyo itashika hadi mlango ufunguliwe kwa haraka. Kabati nyingi ni za chipubodi au MDF, yaani ubao wa chembe au unga wa mbao uliogandamizwa, na ndani yake hakuna nyuzi za kushika skrubu. Panua tundu kwa keekee ya milimita 8 bila kutokea upande wa pili, ingiza kijiti cha mbao cha milimita 8 kilichopakwa gundi nyeupe, acha hadi kesho, kikate kiwe sawa na ubao, kisha toboa tundu jembamba katikati na ufunge skrubu hapo.

12. Gundi nyeupe inafaa mlango wa bafu au benchi la nje?

Inategemea daraja lake. Makopo mengi yanayotoka Ulaya huandikwa D1 hadi D4 kwa kiwango cha EN 204. D1 ni ya ndani pakavu, D3 huvumilia kulowa kwa muda mfupi, D4 inaweza kukaa nje ikiwa mbao imepakwa rangi au vanishi. Kopo lisilo na alama lichukulie kuwa la ndani tu.

Gundi ya poliurethani huvumilia maji vizuri, na hupenda mbao iliyopanguswa kwa kitambaa chenye maji. Itafura na kutoa povu. Povu hilo lisikudanganye, halina nguvu ya kujaza pengo.

## Viatu na ngozi

13. Soli imebanduka. Nawezaje kuibandika ikae?

Kazi ni ya kontakti, na kosa kubwa ni pupa. Tazama mafundi wa viatu wa soko la Kariokor: wakishapaka, kiatu kinawekwa kando na wanashika kingine.

Fungua soli hadi pale inaposhika kwa dhati. Kwangua gundi yote ya zamani, kisha kwaruza pande zote mbili kwa tupa au msasa wa nambari 60 hadi mng'ao uishe na paonekane vinyweleo. Futa vumbi. Paka tabaka jembamba juu na chini, hadi ukingoni kabisa, maana kubanduka huanzia hapo (swali la 2). Ngozi ikinyonya tabaka la kwanza lote, ongeza la pili.

Sasa ngoja dakika 10 hadi 15. Gusa kwa mgongo wa kidole: ikivuta nyuzi, bado, ikinata kidogo bila kukufuata, tayari. Lenga kuanzia kidoleni kwenda kisiginoni, kwa uangalifu, kwa kuwa nyuso mbili zikigusana hazirekebishiki. Halafu gonga kwa nyundo kuanzia katikati kwenda kingo. Gundi hii inataka nguvu ya mgandamizo, si muda mrefu wa kubanwa. Kuifunga kwa kamba usiku kucha bila kuigonga hakusaidii. Ikikauka kupita kiasi kabla hujaunganisha, ipashe moto kidogo kwa mashine ya kukausha nywele, itaamka. Usikivae hadi kesho.

14. Raba za mtumba zilionekana mpya, soli ikaanza kumomonyoka kama keki. Gundi gani itashika?

Hakuna. Soli hiyo ni ya povu la poliurethani, na unyevu wa hewa umeivunjavunja taratibu hata bila kuvaliwa. Ndiyo sababu kiatu kinaweza kukaa miaka kabatini kikiwa kizuri, kisha kikafa siku ya kwanza barabarani. Gundi itashika unga, unga utaachana na soli. Ukinunua raba soko la mitumba la Gikomba, bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha: alama ikibaki au ikitoka nata, rudisha. Kama sehemu ya juu ni nzuri, fundi anaweza kuweka soli nyingine nzima.

15. Harufu ya kontakti ina madhara?

Ndiyo. Nyingi zina tolueni au vimiminika vya jamii yake, vinavyolevya na kuumiza ubongo, na ulevi huo ndio sababu watoto wa mitaani hunusa gundi hiyo hiyo. Fanya kazi nje au madirisha yakiwa wazi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kushika moto kutoka mbali, basi zima jiko na sigara kwanza. Kopo liwekwe mahali pa kufungiwa.

## Plastiki na mabomba

16. Beseni, ndoo au jerikeni limepasuka. Gundi zote zinatoka kama ganda. Nifanyeje?

Geuza uangalie pembetatu iliyo chini. Nambari 2, 4 na 5 ni plastiki zenye uso kama wa nta, na gundi za kawaida hazizishiki. Kama hakuna nambari, dondoshea maji: yakijikunja kuwa shanga badala ya kusambaa, umepata jibu.

Tiba yake ni moto. Toboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, kisha yeyusha kingo kwa chuma cha moto ukiongeza vipande vya plastiki ya nambari ileile. Hilo ndilo wanalofanya mafundi wa ndoo mitaani, na wana haki. Fanya nje, moshi wake si mzuri. Tangi la plastiki la maji nalo ni nambari 2 au 4: mwite mwenye mashine ya kuchomelea plastiki, usipoteze pesa kwa viraka vya gundi.

17. Bomba linavuja kwenye kiungo. Nipake Tangit kwa nje?

Tangit, na nyingine za aina yake, si gundi ya kuziba. Huyeyusha uso wa plastiki mbili za PVC ili zigeuke kitu kimoja, kwa hiyo ikipakwa nje ya kiungo kilichokauka haifanyi lolote. Kata kiungo hicho uweke kipya. Funga maji, kata bomba kwa mkato ulionyooka, ondoa manyoya ya msumeno, futa, paka tabaka jembamba ndani ya soketi na zaidi kidogo kwenye bomba, sukuma hadi mwisho ukizungusha robo, shikilia sekunde 30. Bomba la maji machafu lipe saa mbili. La maji ya presha, saa 24.

Bomba la PPR, plastiki ya aina nyingine, haliungwi kwa gundi yoyote. Linayeyushwa kwa mashine yenye joto la takriban nyuzi 260.

18. Kifuniko cha rimoti au fremu ya feni je?

Hiyo kwa kawaida ni plastiki ngumu iitwayo ABS, inashika vizuri. Kwaruza, kisha supaglu kama ufa unaingiana, araldite kama kuna pengo. Usisafishe kwa asetoni au tina, zitaiyeyusha. Povu jeupe la kufungia vifaa nalo huliwa na kontakti hadi kubaki shimo. Tumia gundi nyeupe.

## Vyombo, kioo na chuma

19. Kikombe kimevunjika mkono. Nikikibandika nitakinywea?

Kibandike kwa araldite, kiwe cha kuwekea kalamu. Supaglu huchoka kwa maji moto, na araldite za kawaida hulainika karibu na nyuzi 60 hadi 80, joto ambalo chai ya maziwa inalipita ikiwa imetoka jikoni. Mkono ukiachia, chai inamwagikia mapajani. Pia gundi hizi hazikutengenezwa kugusana na chakula.

20. Nilichanganya araldite, siku mbili baadaye bado inanata.

Vipimo havikulingana au haikuchanganywa vya kutosha. Bonyeza mistari miwili yenye urefu na unene sawa juu ya kigae au kifuniko cha bati, koroga dakika nzima ukikwangua kingo hadi michirizi ipotee. Kuongeza hadina, yaani mrija wa kugandisha, ili iharakishe ni kosa: hadina iliyozidi haina cha kuungana nacho, inabaki nata milele. Kilichoharibika hakitapona, kwangua urudie.

Kama vipimo vilikuwa sawa, shuku baridi. Julai, usiku wa nyuzi 12, araldite huchukua karibu mara mbili ya muda wake wa nyuzi 22. Weka kitu karibu na balbu au kwenye gari lililopigwa jua. Na ile ya "dakika tano" haimaanishi kazi imekwisha kwa dakika tano. Ni muda ulio nao kabla haijaganda mkononi mwako.

21. Sufuria imetoboka.

Ipeleke kwa mafundi wa vyombo wa Kamukunji ikapigwe ribiti. Gundi hazikai juu ya jiko.

22. Silikoni ni gundi?

Ni ya kuziba zaidi kuliko kuunga, na ni nzuri kwa kioo, sinki na kingo za bafu. Hukauka kutoka nje kuingia ndani, kama milimita 2 hadi 3 kwa siku, kwa hiyo usiloweshe mapema. Inayonuka siki hutia kutu chuma na kioo cha kujitazamia nyuma. Kwa hivyo tafuta isiyonuka. Haipokei rangi, na hakuna kinachoshika juu ya silikoni kuukuu: ikwangue yote kabla ya kuweka mpya.

## Mengineyo

23. Gundi ya unga bado inafaa?

Kwa karatasi na kazi za shule, sana. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano na kimoja cha maji baridi hadi mabonge yaishe, mimina kwenye vikombe vitatu vya maji yanayochemka, koroga dakika tatu hadi ing'ae. Hukaa siku tatu hivi. Mende huipenda kuliko wewe.

24. Nitaondoaje gundi iliyomwagika?

Gundi nyeupe mbichi, maji. Kavu, siki ya uvuguvugu. Supaglu, asetoni, baada ya kujaribu pembeni kwanza (swali la 18). Kontakti mbichi, tina. Kavu, isugue kwa kidole hadi ijiviringishe. Araldite iliyoganda, joto la kuilainisha kisha kisu. Kunata kwa stika, mafuta ya kupikia kwa dakika kumi, halafu sabuni.

25. Mbona supaglu hukauka nikiifungua mara moja tu?

Hewa yenye unyevu imeingia. Ukimaliza, simamisha mrija, ugonge gundi ishuke, futa ncha, funga, uweke ndani ya chupa yenye kifuniko. Isiyofunguliwa hukaa vizuri kwenye friji, lakini ngoja ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo umande utaingia ndani. Kuchoma ncha kwa pini ni sawa. Kuiacha pini humo si sawa.

26. Ni vitu gani nisivyopaswa kubandika hata kidogo?

Mpira na regyuleta ya gesi, badilisha. Waya na plagi za stima, badilisha. Mshikio wa presha kuka, funga kwa skrubu yake au ununue mpya. Pia breki za baiskeli, helmeti ya bodaboda iliyopata ufa, na ngazi: ngazi iliyovunjika kidaraja ikibandikwa huonekana nzima hadi mtu akifika juu.